Singo usiikimbie, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikavaa miwani. Umetoka kilo 126 hadi 75. Miaka miwili ya kujinyima na kuamka alfajiri kutembea, halafu unaniuliza kama harusi iahirishwe na mahari itumike kukata ngozi ya tumbo, kwa kuwa huwezi kuvua nguo mbele ya somo, kungwi wako, akusugue singo, ile liwa yenye karafuu ya kumsafisha bibi harusi.

Mahari ni mali yako, hata ukiamua kuinunulia mbuzi. Ila kisu kwa sasa nakikataa. Wewe unataka watoto. Ukikatwa leo, mimba ikaja mwakani, tumbo litavutika upya, ndiyo maana madaktari humshauri mwanamke amalize kuzaa kwanza. Tena wanataka uzito uwe umetulia miezi sita au zaidi, nawe mwezi uliopita tu umepungua kilo mbili. Halafu kuna sikio lako. Tulipokutoga ukiwa na miaka saba, kovu liliumuka likawa kama punje ya hindi. Kovu la kukata tumbo hutoka nyonga hii hadi nyonga ile, nalo laweza kuumuka vilevile. Siku ukifika kwa daktari wa upasuaji rekebishi, sikio hilo ndilo la kumwonesha kabla hajashika kalamu ya kuchora. Na muulize pia kuhusu damu kuganda miguuni na maji kujikusanya chini ya mshono, asikuoneshe picha nzuri tu.

Sisemi usifanye kamwe. Nasema si kwa ajili ya singo.

Mimi ni fundi cherehani, mpira wa kiuno naujua. Ukiuvuta ukauachia, unarudi. Ukikaa umevutwa miaka kumi, nyuzi za ndani zinakatika, na hakuna sabuni ya kuurudisha. Ngozi nayo ina nyuzi zake, kolajeni na elastini, na yako imebeba mzigo tangu ukiwa sekondari. Hujakosea chochote kwenye kupungua kwako. Itajikaza kidogo mwaka huu na ujao, kwa kuwa bado kijana na huvuti sigara, lakini yote hairudi.

Kwa hiyo ile krimu ya "kukaza" uliyonitumia picha yake, iache dukani. Nilipowazaa wewe na pacha wako nilifungwa mkaja, kitambaa cha kubana tumbo, siku arobaini, tumbo likabaki na mikunjo vilevile. Nikanunua krimu kwa mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu, kopo halina hata jina. Haukupita muda ngozi ikawa nyembamba kama karatasi ya sambusa, inawaka nikipita jikoni. Hospitali wakaniambia ilikuwa na dawa kali ya steroidi. Baba yako hajui mpaka leo, na usimwambie.

Lisilosubiri ni ule mchubuko chini ya tumbo. Oga, kisha inua ngozi uikaushe kwa kugusagusa, usisugue, ukae mbele ya feni mpaka pakauke kabisa. Weka kitambaa laini cha pamba kwenye mkunjo, ubadilishe kikilowa jasho. Mafuta na poda za manukato usipake hapo. Kama panawasha, pamekuwa pekundu au panatoa harufu, hiyo huenda ni fangasi, nenda zahanati wiki hii upewe dawa. Na usijinyime chakula ili upungue zaidi kabla ya harusi. Utaongeza ngozi ya kuning'inia. Kula dagaa, mayai, maharage, unyanyue vyuma. Misuli ya mikono ikijaa, yale unayoyaita mabawa hupungua kidogo.

Sasa singo. Umeiwaza kama vile ukumbi mzima utakuwepo. Ni chumba, mkeka, wewe na somo, basi. Huyo nitakayemwita amesugua mabibi harusi tangu mimi sijaolewa. Ameona mishono ya uzazi, makovu ya moto, matumbo ya kila namna, na sijawahi kusikia habari ya mwili wa mtu ikitoka kinywani mwake. Nitamwambia liwa ipite mgongoni, mikononi na miguuni, palipochubuka asipaguse, maana karafuu itakuchoma utoke mbio na khanga moja. Ukitaka kufunga khanga kiunoni muda wote, funga. Shangazi zako watakaa ukumbini na vijembe vyao.

Gauni nimelikata kwa vipimo vya Mei, na naona vimeshapitwa. Jipime upya kifua, kiuno na mzunguko wa mkono juu ya kiwiko, unitumie kabla ya Ijumaa. Ndani nitakushonea shimizi ya pamba yenye mkanda mpana wa kushika tumbo lisisuguane unapotembea. Kitambaa nitanunua kwa fedha ya mkaja, ile ya mama mzazi, watakayoniletea wakwe zako. Hiyo ni yangu, wala usibishane nami.

Mama yako