Semina tunazo, lakini vijana wanaishia wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika sekondari ya kata, Ilemela. Kila mwaka tunaalika wageni wazungumze na vijana kuhusu kazi, na Kidato cha Nne tunawapeleka chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato. Juzi mkuu wa shule kaniuliza haya yote yamesaidia nini. Nikamwonyesha orodha ya wageni, akacheka. Nipime nini, ikiwa kompyuta yenyewe ni ya kuazima?

JIBU: Mwangaluka, mwalimu. Orodha ile inaonyesha jasho lenu tu, ndiyo maana kacheka. Hata matokeo ya NECTA hayatoshi: yanasema kijana kapata divisheni gani, hayasemi kama alikuwa na njia ya kushika.

Anzia kwenye selform, ile fomu ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Nne hujaza tahasusi na vyuo anavyovitaka, maana pale ndipo ushauri wako unapoonekana kwa maandishi. Chukua alama za mock, ziweke kando ya machaguo ya kila mwanafunzi. Aliyejaza PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) huku Fizikia ana F, mwekee alama nyekundu. Kidato cha Tano kinataka angalau masomo matatu yenye A, B au C, na ya dini hayahesabiwi. Basi mwenye C moja ambaye hakujaza chuo hata kimoja, naye nyekundu. Tuseme kati ya 120 wametoka wekundu 70. Usikimbilie kuandika ripoti. Waite, kaa nao watano watano, warekebishe, kisha hesabu tena. TAMISEMI ikifungua dirisha la kubadilisha machaguo baada ya matokeo, hesabu mara ya tatu. Namba hii naipenda kuliko zote kwa sababu unaipata kijana akiwa bado yupo mbele yako.

Halafu wafuatilie wakishaondoka. Marekani, sheria ya Perkins V ya 2018 inayataka majimbo yaripoti wanafunzi waliobobea masomo ya ufundi wako wapi katika robo ya pili ya mwaka baada ya kutoka sekondari: masomoni, jeshini, kazini au kwenye kazi ya kujitolea. Wao wana mifumo ya takwimu, wewe una kaunta buku. Simu ya mhitimu haikufikishi mbali, laini hupotea. Chukua ya mzazi na ya jirani. Ila mtego mzuri zaidi ni siku ya kufuata cheti, kwa kuwa lazima aje asaini. Ongeza safu nne kwenye daftari lile lile: yuko wapi, anafanya nini, nani alimwelekeza, angependa angejua nini mapema.

Unapogawanya, gawanya kwa wote waliosajiliwa, si kwa waliopatikana. Ukiwapata 40 kati ya 120 na 30 wakawa wanasoma, usiseme asilimia 75. Sema 30 wanasoma, 80 hatujui waliko. Wasichana wahesabu peke yao. Na mwombe mkuu asitumie namba hizi kumhukumu mwalimu yeyote, maana ukimchapa mtu kwa takwimu, mwakani atakupikia namba.

Shule moja niliyosaidia upande wa Sengerema, kijana aliandika neno moja tu kwenye safu ya pili: "mwaloni", yaani kule ziwani mitumbwi inakoshushia samaki. Mwalimu akamtia kwenye kundi la wasio na kazi. Nilipomuuliza mwenyewe, kumbe usiku anavua dagaa na mtumbwi wa mjomba wake, mchana anaanika, na mzigo ukijaa anauleta soko la samaki la Kirumba. Kazi anayo, tena ngumu. Lakini safu ya nne alikuwa ameandika kwamba hakuwahi kusikia kuwa Nyegezi kuna chuo cha uvuvi, FETA. Wenzake watatu waliandika karibu hayo hayo. Mwaka uliofuata basi la ziara lilikwenda Nyegezi, na ile safari ya kutembelea hoteli ikafutwa kwenye ratiba.