Usimpe fundi wa sola advansi kabla hujasoma masharti ya nyumba yako

Jamani nyie mnaopanga kuweka sola juu ya paa, msikimbilie fundi kwanza. Mimi nilishatoa advansi, paa limeshapimwa na paneli zimeshaagizwa, ndo barua ya kamati ya wakazi ikaja kwamba masharti ya esteti hayaruhusu kuweka kitu kwenye paa upande wa barabarani bila kibali. Nikafungua faili la nyumba na kweli kipengele kipo, na sahihi yangu ipo chini. Iliniuma sana.

Kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba masharti haya hayamfuati mtu, yanafuata nyumba na kiwanja chake, yani yaliandikwa na aliyegawa viwanja mwanzoni na kila anayenunua anayakuta hapo hapo. Mengi yaliandikwa kabla sola haijazoeleka kwahiyo hata neno sola humo halimo, utakuta tu "muonekano wa paa usibadilishwe" au "hakuna nyongeza bila kibali". Soma neno kwa neno. Kukatazwa na kutakiwa kuomba kibali ni vitu viwili tofauti kabisa, na mimi langu lilikuwa la kibali.

Kamati ikasema sawa, weka, ila upande wa nyuma. Hapo ndo wengi wanakubali haraka wamalizane na kesi, wakati upande wa nyuma kwangu kuna mti mkubwa wa jirani. Kikaoni nilibishana mpaka sauti ikakauka, wao wanaongelea uzuri wa mtaa mimi naongelea bili ya umeme, hatuelewani. Nikabadilisha njia. Nikamwomba fundi anipigie hesabu mbili kwenye karatasi moja, umeme wa mwaka mzima paneli zikiwa mbele na zikiwa nyuma, afu nikapanda ngazi saa tisa alasiri nikapiga picha kivuli cha ule mti kimefunika nusu nzima ya paa, na paneli zikiungwa kwa mfululizo mmoja hata kivuli kikiangukia paneli chache tu kinaweza kushusha umeme wa zingine. Ile picha na ile karatasi vilifanya kazi ambayo mdomo wangu ulishindwa.

Angalia pia sheria ya unakoishi, maana kuna sehemu sheria iko juu ya masharti ya esteti. California kule Marekani kwa mfano wana sheria ya kulinda sola tangu 1978, na siku hizi sharti likikupunguzia ufanisi wa paneli kwa zaidi ya asilimia 10 au likikuongezea gharama zaidi ya dola 1,000 linahesabika halifai. Florida, nako ni Marekani, chama cha wakazi kinaweza kukupangia pa kuziweka juu ya paa, lakini sio pale zitakaposhindwa kufanya kazi vizuri.

Na wewe legeza kidogo. Mimi nilikubali fremu nyeusi, paneli zilale sambamba na mteremko wa paa zisiinuliwe, na waya zipite ndani zisining'inie ukutani. Hayo hayakunipunguzia umeme wa maana na majirani waliridhika.

Kibali kikitoka kidai kwa maandishi, kiwe na tarehe na mchoro wa paa, maana kamati hubadilika na mwenyekiti mpya anaweza kuja na barua nyingine. Changu nimekiweka faili moja na hati ya nyumba.