Mche wa sarafu wa benki: pa kutazama kabla hujatoa pesa

Tuanze na jina. Benki za Marekani hupanga sarafu za aina moja, moja juu ya nyingine, kisha huzifunga kwa karatasi ngumu mpaka kinatokea kijiti kinachojaa kiganjani. Mimi nakiita mche, kwa sababu siku ya kwanza kukishika nilikumbuka miche ya sabuni ya dukani kwetu Tanga. Mche wa senti moja una sarafu 50, wa senti tano 40, wa senti kumi 50, wa kota, yaani senti 25, 40, wa nusu dola 20. Ziweke kichwani hesabu hizo, tutazihitaji kwenye mizani.

Bibi yangu alikuwa na senti zile za zamani zenye tundu, amezitunga kwenye kamba. Ukitaka kujua ziko ngapi na za mwaka gani, unazipitisha vidoleni moja moja. Mmarekani yeye kazifunika kwa karatasi, na hapo ndipo biashara na ulaghai vilipopata mlango.

Kiwanda cha sarafu cha serikali hakikuwa kikitoa miche. Kilitoa magunia ya turubai, senti moja 5,000 kwa gunia, na kazi ya kufunga ilifanywa na benki au watu wao. Kwa hiyo mche wa asili ni ule ambao sarafu zilitoka guniani zikaingia karatasini, na tangu siku hiyo hakuna kidole kilichoingia tena. Muuzaji anayedai bei kubwa kwa mche kama huo, kuliko anavyodai kwa sarafu zile zile zikiwa kwenye kopo la plastiki, anakuuzia kitu kimoja cha ziada: ahadi kwamba hakuna aliyekutangulia kuchagua.

Ahadi hiyo niliinunua. Mwaka wangu wa pili hapa Ohio nililipa dola 85 kwa mche wa senti za masuke, zile zenye uso wa Rais Lincoln na masuke mawili ya ngano mgongoni, zilizotengenezwa kuanzia 1909 hadi 1958. Ncha moja ilionyesha masuke. Ncha ya pili ilionyesha senti ya zamani zaidi, yenye kichwa cha Mhindi Mwekundu, aina iliyokoma 1909. Nikajisemea, kama hii ipo mlangoni, ndani kuna nini? Nikaufungulia mezani jikoni, chai pembeni. Zikatoka senti za miaka ya 1940 na 1950, zimelika, za kawaida kabisa, zile ambazo hapa huuzwa kwa ratili. Na ile ya Mhindi ilikuwa na pengo ukingoni, pengo lililofichwa na mkunjo wa karatasi.

Sasa piga hesabu ya darasa la sita, ambayo mimi sikuipiga. Sarafu 50, ncha mbili. Kama ndani kuna sarafu moja ya thamani na imejipanga yenyewe kwa bahati, itaonekana nchani mara 2 kati ya 50, yaani katika mche mmoja kati ya 25. Muuzaji wangu alikuwa na miche kumi na miwili, na kila mmoja ulikuwa umechungulisha kitu cha kuvutia kwenye ncha. Sarafu adimu hazina tabia ya kupenda mlangoni. Zimewekwa.

Kila kipimo nitakachokueleza hapa chini kinaweza kukuambia "siyo". Hakuna hata kimoja kinachoweza kukuambia "ndiyo". Ukilishika hilo, utaokoa pesa nyingi kuliko atakayenunua lenzi ya bei mbaya.

Mkunjo kwanza. Kwenye maonyesho ya sarafu nilimpelekea mzee mmoja muuzaji mche wangu mwingine, niliokuwa najivunia. Hakuitazama sarafu kabisa. Aliuweka chini ya taa, akawa anauzungusha taratibu na lenzi jichoni.

"Unauona huu mstari mweupe?"

Nikauona. Uzi mwembamba, mweupe kuliko karatasi yote, pembeni tu ya mkunjo.

"Karatasi inazeeka kwa nje. Ndani ya mkunjo inabaki na rangi yake ya ujana. Ukiikunjua ukaikunja tena, haikubali kurudi palepale. Weupe uliokuwa umejificha unatoka nje."

Alinirudishia mche bila kusema zaidi. Sikuwa nimemwuliza bei, na yeye hakuwa na sababu ya kunitajia.

Tangu hapo naanzia kwenye mkunjo. Karatasi iliyobana sarafu kwa miongo mingi hushika alama za kingo zake, mistari ya duara inayofuatana kama mbavu. Pitisha kidole: mbavu ziwe wazi na karatasi isipwaye. Ukiona mbavu mbili mbili, seti moja ya zamani iliyofifia na nyingine mpya isiyolingana nayo, karatasi hiyo imewahi kubeba sarafu nyingine. Mkunjo wa mashine, ule unaoacha ukingo wa duara nchani na tundu katikati, huwatuliza sana wanaoanza. Usikutulize. Mashine za kukunjia zinauzwa kwa yeyote, na karatasi za zamani ambazo hazikuwahi kutumika nazo zinauzwa. Ama mche uliofungwa kwa mkono, karatasi ikalazwa juu ya ncha, huo hata mashine hauhitaji.

Kisha itazame sarafu ya ncha yenyewe, kupitia lile tundu. Katikati imepigwa na hewa miaka yote. Pembeni imekaa chini ya karatasi, na karatasi nyingi za zamani zina salfa inayobadilisha rangi ya shaba na fedha. Ndiyo maana sarafu iliyozeekea hapo hapo huonyesha duara ndani ya duara: rangi moja katikati, nyingine ukingoni. Mpaka wa duara hilo unapaswa kufuata ukingo wa tundu. Mpaka huo ukipita kando ya tundu, sarafu imesogezwa au karatasi imekunjwa upya. Na sarafu iliyolika na kuiva rangi sawasawa kote, wakati muuzaji anasema mche mzima ni mpya kutoka guniani, ilizeekea mifukoni mwa watu kabla haijaletwa hapo.

Mtego ninaoupenda, kama mtu anaweza kupenda mtego, ni wa senti tano za mwaka 1950 kutoka kiwanda cha Denver. Zilitengenezwa 2,630,030 tu, idadi ndogo kuliko zote katika senti tano zenye uso wa Rais Jefferson zilizotolewa kwa matumizi ya kawaida. Watu walijua mapema, wakazificha miche kwa miche. Kufikia 1964, wakati wa homa ya kununua miche, mche ambao sarafu zake zote zinajumlisha dola 2 tu ulikuwa ukiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Kisha bei ikaporomoka. Kwa hiyo miche ya kweli ipo, na mingi, jambo ambalo humfanya mnunuzi alegeze macho.

Herufi D, alama ya kiwanda cha Denver, kwenye senti tano za wakati ule iko mgongoni, kando ya picha ya Monticello, jumba la Jefferson. Mwaka uko upande wa kichwa. Unaletewa mche: ncha hii kichwa na 1950, ncha ile jumba na D. Akili inaunganisha haraka, 1950 na D, ndiyo hiyo. Lakini umetazama sarafu mbili tofauti, na hakuna hata moja uliyoiona pande zote. Ya kwanza inaweza kuwa ya kiwanda cha Philadelphia, ambako mwaka huo zilitoka takriban milioni 9.8 bila herufi. Ya pili inaweza kuwa ya Denver ya mwaka wowote jirani. Za katikati, 38, hujaziona kabisa. Mtego huo huo unafanya kazi kwenye senti kumi za zamani ziitwazo Mercury na kwenye kota za fedha zenye uso wa Rais Washington, kwa kuwa nazo zilibeba herufi mgongoni. Senti ya Lincoln ni mwungwana zaidi: mwaka na herufi vyote viko upande wa uso.

Jiulize pia kama kulikuwa na mtu wa kuuficha mche huo. Mazoea ya kukusanya sarafu za kawaida yalienea katikati ya miaka ya 1930, zilipokuja mbao za kadibodi zenye matundu ya kuzipanga kwa miaka. Mche mpya wa 1958 hauna ajabu. Mche mpya wa senti za Denver za 1914, "uliokutwa kwenye ukuta wa nyumba ya babu", unahitaji babu wa pekee sana.

Karatasi ina maandishi, yasome. Yakitaja bima ya amana ya FDIC, karatasi haiwezi kuwa ya kabla ya 1933, maana ndio mwaka shirika hilo lilipoundwa. Anwani ikiwa na zile tarakimu tano za posta, ni ya 1963 au baadaye. Mistari ya kusomwa na mashine ya dukani ilianza kazi 1974, hivyo senti za 1950 zenye mistari hiyo zimefungwa upya, hata aliyezifunga awe na nia njema. Kuna wanaobeba na tochi ya mwanga wa zambarau: karatasi nyingi za kisasa huwaka samawati kwa dawa za kung'arisha, na karatasi ya miaka ya 1940 haitakiwi kuwaka hivyo. Ila ujue hata karatasi halisi ya 1940 inaweza kuvalishwa sarafu za jana.

Mizani ni rahisi na ni ya haraka. Ya jikoni inayosoma gramu inatosha. Kota za fedha za hadi 1964 zina gramu 6.25 kila moja, mche gramu 250 ukiacha karatasi. Za baada ya hapo zina gramu 5.67, mche karibu 227. Sarafu zikilika hupungua kidogo, lakini pengo hilo ni pana vya kutosha. Senti za shaba zina gramu 3.11, mche karibu 155. Za zinki, zilizoingia 1982, gramu 2.5, mche 125. Mtu akikuuzia masuke na mizani ikasema 127, mrudishie. Lakini angalia mizani inapoishiwa na maneno. Senti za shaba za 1975 zina uzito sawa na za masuke. Senti tano za wakati wa vita, zenye fedha asilimia 35, zina gramu 5 sawa na senti tano nyingine yoyote. Na nusu dola za 1965 hadi 1970, zenye fedha asilimia 40, hutofautiana na zile zisizo na fedha kwa gramu 3 hivi tu kwa mche mzima, tofauti ambayo karatasi nene inaweza kuimeza.

Pima na urefu, uulinganishe na mche wa sarafu mpya za aina ile ile. Sarafu zilizolika huwa nyembamba, kwa hiyo mche wake huwa mfupi. Kipimo hiki hakigharimu kitu na wauzaji wengi hawakikumbuki.

Bei sasa. Kabla sijataja yangu, najiuliza: nikifungua nikakuta zote ni za kawaida kabisa, nitakuwa nimepoteza kiasi gani? Kama ni kiasi cha chakula cha mchana mgahawani, nanunua na ninafurahia kutojua. Kama ni kodi ya mwezi, basi nataka zilizokwisha kufunguliwa, nizione pande zote mbili. Wapo wakongwe wanaoniona mwoga. Wao wana pochi nene kuliko yangu.

Ukiamua kufungua, tandika taulo nene, usifungulie juu ya meza tupu. Kata karatasi kwa urefu kwa wembe, usivunje mkunjo. Shika sarafu kwenye kingo, uzipange kwa mfuatano zilivyotoka. Mche wa kweli wa sarafu mpya huwa na mwaka mmoja na herufi moja, mng'ao wa aina moja, na mara nyingi utakuta kadhaa zina ufa mdogo ule ule, mahali pale pale, kwa sababu zilipigwa na muhuri mmoja uliokuwa umeanza kuchoka. Utakuta pia nzuri sana chache, za wastani nyingi, na zilizogongwa guniani. Zote 50 zikiwa na makovu shavuni kwa Lincoln, mwaka ni sahihi, mng'ao upo, lakini kuna mtu alipita kabla yako akaondoka na nzuri.

Karatasi usiitupe. Ilaze ndani ya bahasha, uandike kwa penseli uzito wake peke yake, mwaka wa sarafu na ulichokikuta. Zikifika kumi au kumi na tano utakuwa na mbavu, mikunjo na rangi za kweli za kuweka kando ya mche unaofuata, pale muuzaji anapokuharakisha.