Barua kwa mwanangu: Dera la vifungo mbele

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma dukani, kisha nikafunika cherehani nikaja kuusoma tena nyumbani. Unauliza usiku wa kuamkia upasuaji wa mama yako nilimwambia nini, kwa kuwa Jumanne ya wiki ijayo mkeo anaingia hospitali na wewe hujui umwambie nini. Halafu mwisho kabisa ukachomeka kwamba madaktari wamempa hiari: atolewe uvimbe wa saratani peke yake kisha apigwe mionzi, au atolewe titi lote.

Nilichomwambia sikikumbuki. Nadhani nilimuuliza kama banda la kuku limefungwa. Ninachokumbuka ni dera.

Mama yako mwaka ule wa 2009 alikuwa mtu wa madera, unamjua. Sasa dera huvaliwa kwa kupitisha kichwani, na sista mmoja alishatudokeza mapema kwamba mtu akitolewa titi pamoja na matezi ya kwapani, mkono wa upande ule haupandi juu ya bega upesi. Tena atatoka na mpira ubavuni, wenye chupa ya kukusanyia maji ya kidonda. Siku hiyo nyumba ilijaa watu, kila mmoja na neno lake: Mungu mkubwa, utapona, fulani naye alikuwa hivyohivyo. Mimi nikachukua madera yake nikayapasua mbele, kuanzia shingoni mpaka chini ya kiuno. Nikatia vifungo vikubwa vya koti, vinavyofungika kwa mkono mmoja, na kwa ndani, chini ya kwapa, nikashona mfuko wa bitana wa kuwekea ile chupa. Alipouona mkasi unapita kwenye lile la zambarau ambalo shangazi yako alimletea kutoka Maskati, alinitukana. Alinitukana vizuri sana, na tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya usiku ule.

Mgonjwa apewe kitu cha kushika, nimelisema siku zote. Ukimletea maneno ya kumtia moyo, ataanza yeye kukutia moyo wewe, na nguvu hizo anazihitaji kwa mengine.

Ya hospitali mtaambiwa hukohuko: mwisho wa kula ni saa ngapi, rangi ya kucha itoke kwa sababu kile kibanio cha kidoleni kinapima oksijeni hapo, ndugu wajitolee damu. Hilo la dawa tu msilipuuze. Mkeo ataje zote anazotumia, hata aspirini, hata ile mizizi anayochemshiwa na mama mkwe wako, maana baadhi ya dawa huzuia damu kuganda. Mama mkwe wako akinuna, atanunuka.

Kazi yako inaanza mkirudi nyumbani. Ile chupa uimwage wewe, usimwachie dada wa kazi. Pima maji kwa kikombe chenye alama, andika saa, kiasi na rangi: mwanzo ni damu, baadaye yanapauka, mwisho yanakuwa ya manjano. Kwetu walisema yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, mpira unatolewa. Kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au akipata homa, msingoje siku ya kliniki. Mimi niliandika kwenye daftari langu la wateja, na ukilifungua leo utakuta suti ya bwana harusi, kifua 40, kiuno 34, na chini yake maji ya mama yako: 85, 60, 60, 45. Ile 60 ya pili ilinikosesha usingizi.

Wakati huohuo ndipo bwana mmoja pale baraza ya kahawa, jina lake silitaji, aliponiuliza mbele ya watu: "Sasa fundi, utafanyaje?" Watu wakacheka kidogo. Hakuna asiyejua alichokuwa anauliza: kama nitaoa mwingine. Nikaweka kikombe chini nikaondoka. Huwa najiambia hakuwa na nia mbaya, ni mizaha ya wanaume. Kisha najiambia la, nia alikuwa nayo. Mwaka uliofuata alileta suruali nimpunguzie kiuno, nikamwambia nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi hata moja mezani.

Turudi kwenye mkono. Toka siku ya kwanza mkeo akunje ngumi na kuifungua, akunje kiwiko. Mpira ukishatoka, na madaktari wakiruhusu, ndipo anasimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, kidogokidogo. Ile mistari ya chaki nyuma ya mlango wa chumbani, uliyokuwa ukidhani nimempimia mdogo wako urefu, si ya mdogo wako. Ni ya mama yako. Ule wa juu kabisa aliuchora mwenyewe, na akaniambia nitafute kazi nyingine, niache kumsimamia.

Kidonda kilipopona akaanza kukaa upande. Titi lina uzito, likitoka moja bega na mgongo vinahangaika kutafuta usawa. Nilishona pedi ya pamba, ikawa nyepesi, inapanda mpaka karibu na shingo. Basi nikashona kifuko cha poplini nikakijaza mtama, nikakipima kwenye mizani ya duka la jirani bila kumwambia mwenye duka ninapima nini, nikakitilia mfuko ndani ya sidiria. Kikatulia. Kikatulia mpaka harusi yako, kwenye zile mvua, mtama ukaingia wadudu. Shehe yuko katikati ya nasaha, mama yako mstari wa mbele, kadudu kakachomoza kwenye shingo ya gauni. Ile picha ambayo mkeo ameitundika sebuleni, akisema mama alilia kwa kuwaonea huruma, hakuwa analia. Alikuwa anabanwa na kicheko. Siku hizi tunajaza kitu kingine.

Ulinitumia pia habari za yule daktari wa Marekani, Bernard Fisher: wanawake 1,851, miaka 20 ya kuwafuatilia, na matokeo ya mwaka 2002 kwamba waliotolewa uvimbe na kupigwa mionzi waliishi sawa na waliotolewa titi zima. Nimeelewa. Mama yako hakupewa hiari, uvimbe ulikuwa umeshakua, na hata baada ya titi kutoka ilibidi aende mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, maana miaka ile hapakuwa na pengine nchini. Tulikaa kwa mjomba wako Magomeni, kila siku ya kazi tunapanda daladala kwenda kwenye lile jengo la Wajerumani la 1897, wiki baada ya wiki. Nyinyi mnaishi hapohapo Dar es Salaam. Kwa hiyo ningekuwa mimi…

La. Siyo mimi. Na baba mkwe mwenye maoni juu ya kifua cha mkaza mwanawe anatafuta fedheha uzeeni. Lakini wewe umeniuliza. Lakini yeye hakuniuliza. Basi nitaacha hapa, nawe ujue nimeacha kwa shida. Ila akichagua kutolewa uvimbe tu, aulize kwanza: maabara wakikuta saratani kwenye kingo za nyama iliyokatwa, atarudishwa tena kupasuliwa? Ajue kabla ya kutia saini. Hayo si maoni, ni swali.

Na majibu hayo ya maabara huchukua muda. Huo ndio wakati mbaya kuliko upasuaji wenyewe, hapo ndipo mama yako alipofumua na kusuka upya kila mkeka uliokuwa ndani. Mtafutie mkeo kazi ya mikono mapema. Wakisema ni saratani ile inayolishwa na homoni, kuna tamoksifeni, kidonge kila siku kwa miaka mitano au zaidi, na jasho lake la usiku mtalizoea.

Mama yako atampigia mkeo leo baada ya isha. Vipimo atachukua yeye, mimi nitaletewa namba kwenye karatasi. Kitambaa cha pamba nimeshanunua, lakini kama ana dera analolipenda sana alitume na basi la asubuhi, nilipasue hilo. Asitume la kushindia jikoni.

Na hukuandika ni titi la kulia au la kushoto. Mfuko wa chupa niuweke upande upi?

Baba yako