Je, kitenzi cha Kiingereza "decimate" ni kuua mmoja katika kila kumi?

SWALI: Ninatafsiri andiko la historia lisemalo kwamba sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, "decimated" ng'ombe wa Wamasai katika miaka ya 1890. Kamusi yangu inaeleza kuwa asili ya kitenzi hiki ni kumi. Je, niandike kwamba ng'ombe mmoja katika kila kumi alikufa?

JIBU: Hapana, tafadhali usiandike hivyo. Sotoka inakadiriwa kuwa iliua takribani asilimia 90 ya ng'ombe katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kwa hiyo hesabu hiyo ingewafanya waliokufa waonekane ndio waliosalia.

Hata hivyo, kamusi yako imesema kweli kuhusu asili. Kitenzi hiki kinatokana na neno la Kilatini "decimare", lenye mzizi "decem", yaani kumi, nalo lilitaja adhabu ya jeshi la Roma kwa kikosi kilichokimbia vita au kuasi: kura ilipigwa kuchagua takribani mmoja katika kila kumi, na kila aliyeangukiwa nayo aliuawa kwa marungu na askari wenzake. Polybius, mwanahistoria wa karne ya 2 KK, anaeleza kuwa waliosalimika walipewa shayiri badala ya ngano na kuamriwa kupiga kambi nje ya boma, jambo ambalo kwa askari lilikuwa fedheha kubwa. Crassus, jemadari wa Roma, aliifufua adhabu hiyo alipokuwa akipigana na Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anasimulia kwamba Crassus aliwagawa askari 500 waliotangulia kukimbia katika makundi 50 ya watu kumi kumi, akamuua mmoja wa kila kundi. Wanaong'ang'ania hesabu ya kumi husahau kwamba Polybius mwenyewe anataja watu watano, wanane au ishirini, ilimradi idadi ikaribie sehemu ya kumi ya wakosaji.

Katika Kiingereza neno lilihusishwa pia na kutoza fungu la kumi, kama ilivyokuwa mwaka 1655 serikali ya Cromwell, mtawala wa Uingereza baada ya ufalme kupinduliwa, ilipowatoza kodi ya namna hiyo wafuasi wa mfalme. Leo maana iliyozoeleka ni kuangamiza sehemu kubwa ya kitu.

Kwa andiko lako, ningeandika "sotoka iliteketeza ng'ombe wa Wamasai" au "ilifyeka". "Ilipunguza" ni dhaifu mno kwa msiba ule. Uandike "kuua mmoja katika kila kumi kwa kura" pale tu matini inapozungumzia adhabu yenyewe ya Kirumi.