Kiazi kitamu dirishani: anzia kwenye fungu la matembele

Mkuu, kwa maelezo yako unakaa ghorofani Dar, huna hata kibaraza, dirisha la sebule linatazama mashariki, na unataka mmea wa kijani utakaoning'inia kutoka juu ya kabati. Kiazi ulichokiweka kwenye glasi ya maji kimeoza kabla hakijachipua, sasa unauliza kama jambo hili linawezekana kweli.

Linawezekana, na mimi mmea huu uko sebuleni kwangu miaka mingi. Ila kwa mtu aliyeko Dar, pa kuanzia si kiazi. Nenda sokoni asubuhi, nunua fungu la matembele, yaani majani ya kiazi kitamu yanayouzwa kama mboga. Mkulima wa Gairo hapandi kiazi, anapanda marando, na yale mashina unayoyatupa ukishachambua mboga ndiyo marando yenyewe. Chagua yaliyochumwa siku hiyo, yenye ncha hai. Kata kipande cha urefu wa shibiri hivi chenye vifundo vinne au vitano, ondoa majani ya chini, zamisha vifundo viwili majini. Kwa joto la Dar mizizi myeupe hutoka kwenye vifundo ndani ya siku chache, mara nyingi hata wiki haiishi. Kiazi kizima kingekuweka wiki kadhaa ukisubiri chipukizi la kwanza.

Halafu kuna raha nyingine: unachagua sura ya majani. Pita meza mbili tatu uangalie. Kuna matembele ya majani mapana yenye umbo la moyo, kuna yaliyochanika kama vidole, na kuna ambayo majani machanga hutoka na rangi ya zambarau kisha hugeuka kijani. Mimi napenda yaliyochanika, yakining'inia mwanga unapita katikati yake. Ulaya na Marekani maduka ya maua huuza aina za mapambo za mmea huuhuu, Ipomoea batatas, kama 'Blackie' yenye majani ya zambarau iliyokolea na 'Margarita' ya kijani cha ndimu. Ni nzuri, lakini sioni sababu ya kuzisaka wakati meza ya mama wa mboga ina aina zake.

Sasa jambo ambalo naomba usilipuuze: mbu. Aedes, mbu anayeeneza dengi, anapenda maji safi yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani, na chupa ya maua ni mahali pake hasa. Dar tulipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu huyu anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakikulindi. Kwa joto letu yai hufikia kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Badilisha maji kila baada ya siku mbili au tatu, na usimwage tu: sugua kuta za chombo kwa ndani, kwa sababu mayai hugandia pale juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji mapya. Kisahani cha chini ya chungu nacho ukimwage. Ndiyo maana mimi maji nayatumia kuotesha mizizi tu. Mizizi ikifika urefu wa kidole, mmea unahamia kwenye udongo.

Chombo chochote chenye matundu chini kinafaa, hata kopo la rangi la lita 4 lililosafishwa vizuri. Changanya udongo wa kichanga na mboji au samadi iliyooza kabisa. Panda vipande vitatu pamoja, kimoja peke yake huonekana mpweke. Mwagilia udongo wa juu ukishakauka ukiugusa. Majani yakilegea mchana mmea hunyanyuka tena ukipata maji, ila usiufanye uishi katika matope, mizizi itaoza.

Dirisha la mashariki ni zuri. Mmea huu ni wa shambani, umezoea jua, kwa hiyo weka chungu karibu kabisa na kioo. Juu ya kabati upande wa pili wa chumba utarefuka kwa kutafuta mwanga, vifundo vikae mbalimbali, majani yawe madogo na yaliyofifia. Kama lazima ukae kabatini, basi kabati lisogee dirishani. Marando hayana vikono vya kushikia, hivyo usitegemee yapande yenyewe ukutani. Yaache yateremke, au yafunge kwa uzi laini kwenye nondo za dirisha. Yakifika mita moja, kata ncha. Kila ukikata, matawi mapya hutoka chini yake na mmea hujaa. Ncha hizo ni mboga, zipike, mradi hujapulizia dawa ya wadudu. Kagua upande wa chini wa majani mara kwa mara: inzi weupe na utitiri hupenda mmea wa ndani ambao mvua haiugusi. Maji ya bomba yenye nguvu kidogo na tone la sabuni ya maji yamenitosha.

Baada ya miezi kadhaa sehemu ya karibu na chungu hubaki mashina matupu. Usihangaike kuurudisha ujana. Kata vipande vya nchani, otesha upya, mmea wa zamani uondoe. Na viazi vya kula usivitarajie, chungu kidogo chenye samadi nyingi kinatoa majani.

Kwa ndugu walioko nje ambako matembele hayauzwi, hapo kiazi ndiyo njia. Chagua kigumu kisicho na vitundu vya fukusi wala jeraha, ikiwezekana cha shamba lisilotumia dawa, kwa kuwa baadhi ya viazi vya dukani hupuliziwa dawa ya kuzuia kuchipua. Usikitie kwenye friji, baridi inakiua ndani kwa ndani. Chipukizi hutoka zaidi upande uliokuwa umeungana na shina, wenye kovu la mkato. Ule wenye kamkia ka mzizi ndio uelekee chini. Ukishindwa kutofautisha, achana na glasi, kilaze ubavu kwenye mchanga wenye unyevu, nusu kifukiwe, nusu kibaki wazi. Kitahitaji joto la nyuzi 24 hadi 30 za Selsiasi, kwa hiyo wakati wa baridi kiweke chumba chenye joto, mbali na kioo, na chipukizi zikishatoka ndipo zisogee kwenye mwanga.