Maswali ya Wasomaji: Kwa nini Woking ya zamani iko mbali na stesheni ya Woking?

SWALI: Ndugu Mhariri, pole na kazi. Binti yangu ni muuguzi nchini Uingereza na amepanga chumba katika mji uitwao Woking, kusini-magharibi ya London. Anasema kila asubuhi stesheni hufurika watu wanaokwenda London kazini, kama tunavyojazana sisi kwenye daladala za kutoka Mbalizi kwenda mjini. Kinachonitatiza ni kwamba Woking ya zamani, yenye kanisa la kale, iko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka stesheni na madukani. Je, mji ulihama?
Mama wa Mbalizi, Mbeya

JIBU: Ahsante, Mama. Mji haukuhama, bali mji mwingine ulizaliwa pembeni na kuchukua jina la ule wa kwanza.

Woking ya zamani iko kando ya Mto Wey, ambao huelekea kaskazini na kumwaga maji yake katika Mto Thames, na imetajwa katika daftari la ardhi lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William. Karibu nayo palikuwa na jumba la kifalme lililotumiwa na Henry wa Saba na Henry wa Nane. Upande wa kaskazini, hata hivyo, ilikuwa nyika ya kichanga chenye uchachu, ambako nafaka haikustawi na wanakijiji walilisha mifugo na kukata kuni kwa pamoja. Mkulima wa Uyole, aliyezoea udongo wa majivu ya volkano, angeipita bila kusimama.

Reli ilipita katika nyika hiyo. Wajenzi wake walikuwa wanaitafuta bandari ya Southampton, si kijiji cha Woking, na treni za kwanza kutoka London zilipofika tarehe 21 Mei 1838, stesheni ilisimama peke yake katikati ya vichaka. Kwa miezi michache njia iliishia hapo, na abiria waliokuwa wakiendelea mbele walipanda magari ya farasi.

Kilicholeta mji ni makaburi. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua zaidi ya watu 14,000 London, wakati viwanja vya makanisa vilikuwa vimekwisha kujaa kiasi kwamba makaburi yalifukuliwa ili kuwapisha maiti wapya. Mwaka 1852 Bunge likaipa kampuni moja idhini ya kununua nyika ya Woking, zaidi ya ekari 2,000, na mwaka 1854 makaburi ya Brookwood yakafunguliwa, yakihudumiwa na treni maalumu kutoka jirani na stesheni ya Waterloo. Ndani ya makaburi palikuwa na stesheni mbili, moja ya waumini wa Kanisa la Uingereza na nyingine ya madhehebu mengine. Wafiwa walikata tiketi ya kwenda na kurudi. Jeneza lilikatiwa tiketi ya kwenda tu, nayo ilikuwa na madaraja matatu, kwa hiyo hata safari ya mwisho ilimtenganisha tajiri na maskini.

Ardhi iliyonunuliwa ilizidi sana mahitaji ya mazishi. Kampuni ikapata ruhusa ya kuuza ziada, ikakata viwanja kuizunguka stesheni, na maduka yakaota kati ya reli na mfereji wa mashua uliofunguliwa mwaka 1794. Kwa maoni yangu, wanakijiji walidhulumika, kwa kuwa malisho yao ya pamoja yalichukuliwa kwa jina la marehemu, kisha yakauzwa kwa walio hai.

Tangu mwaka 1845 stesheni hiyo ilikuwa na njia panda ya kwenda Guildford, na mwaka 1937 treni za umeme zikaanza. Leo safari ya kwenda Waterloo huchukua takriban nusu saa, na ndiyo maana binti yako anaona umati ule. Wasomaji wetu wa Makambako wataelewa upesi, kwani wao pia wanajua jinsi reli, kwao TAZARA iliyojengwa miaka ya 1970, inavyokutana na barabara na kuvuta watu.

Mwambie pia atafute Msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889 karibu na reli hiyo hiyo, ambao ni msikiti wa kwanza Uingereza kujengwa kwa kusudi hilo. Kisha, siku ya mapumziko, apande treni hadi Brookwood, kituo kimoja tu mbele. Treni za mazishi zilikoma baada ya stesheni yake ya London kupigwa mabomu mwezi Aprili 1941, lakini jukwaa la stesheni ya kusini bado lipo ndani ya makaburi, na anaweza kusimama mahali yalipokuwa yakiteremshwa majeneza.